Hesabu kwa mikono: watoto wajifunze kupima, wakubwa wagawane bila ugomvi



Katika ukurasa huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hawalifikirii wanaposikia neno amani. Jambo hilo ni somo la hesabu katika darasa la saba na la nane. Tunajua mtu atauliza: "Hesabu na amani vinahusiana namna gani?" Tutamjibu kwa kueleza tuliyoyaona wenyewe katika kazi yetu. Kisha tutaeleza mazoezi matano ambayo mwalimu yeyote anaweza kuyafanya kwa vijiti, kamba, mawe, makopo na bidoni, hata kama darasa lake liko chini ya mti.

Ugomvi wa makopo nane

Katika kijiji kimoja cha ufuko wa ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, wenyeji walichanga maharagwe ili kusaidia familia 15 zilizofika zikikimbia mapigano. Hayakuwa mengi. Yalipopimwa yalikuwa makopo 120. Komite ikafanya hesabu ya haraka: makopo 120 kwa familia 15, kila familia makopo 8. Ugawaji ukafanyika mchana, mbele ya watu wote.

Hata hivyo, kabla ya jua kuzama maneno yalikuwa yameanza. Mama mmoja mwenye watu 11 nyumbani alisema ameonewa, kwa sababu jirani yake mwenye watu 3 alipewa sawa naye. Tena, baada ya familia zote kupewa, mfuko ulikutwa bado una maharagwe, karibu makopo matatu. Watu wakasema: "Mnaona? Komite ilikuwa inajiwekea." Wengine wakaanza kutaja kabila la mtu aliyeleta kopo la kupimia. Wenyeji nao wakakasirika: "Tumetoa chakula cha watoto wetu, na bado tunatukanwa." Siku mbili baadaye vijana wa pande mbili walipigana kwenye bomba la maji.

Tulipoitwa kusaidia, tuliwakuta wazee wakibishana juu ya nani ana roho nzuri na nani ana roho mbaya. Hakuna aliyekuwa ameuliza: watu ni wangapi kwa jumla? Kopo lenyewe linachukua kiasi gani? Mwalimu wa hesabu wa darasa la saba alikuwa amekaa nyuma, akasikiliza, kisha akasema: "Wazee wangu, nipeni siku mbili na wanafunzi wangu, halafu tutazungumza tena." Mazoezi mawili ya kwanza mtakayoyasoma hapa chini ndiyo aliyoyafanya.

Kwa nini darasa la saba na la nane?

Sheria ya elimu ya nchi yetu, ya tarehe 11 Februari 2014, inasema elimu ya msingi ni miaka minane: miaka sita ya shule ya msingi, kisha darasa la saba na la nane. Mwishoni mwa darasa la nane mtoto anafanya mtihani wa taifa unaoitwa TENASOSP, unaosaidia kumwelekeza katika masomo yatakayofuata. Ni katika miaka hii miwili mtoto anakutana na mambo yanayomtisha: namba zilizo chini ya sifuri, uwiano, asilimia, eneo, ujazo, na herufi zinazosimama mahali pa namba. Na yote hayo anafundishwa kwa Kifaransa.

Sasa tufikirie mtoto aliyehama. Mwanzoni mwa mwaka 2025 sehemu kubwa ya kambi zilizozunguka mji wa Goma zilibaki tupu, na familia nyingi zikalazimika kuhama tena. Wengine walikuwa wamekwisha kuhama mara mbili au tatu. Mtoto wa namna hiyo ameacha somo la sehemu katikati katika shule moja, na anapofika shule nyingine anakuta wenzake wamekwisha kufika kwenye uwiano. Hana kitabu. Pengine Kifaransa chake ni kidogo. Anakaa nyuma, anakaa kimya, halafu siku moja harudi tena. Sisi tunaoishi huku tunajua mvulana wa miaka 14 asiyekwenda shule ni nani anayemtafuta, na msichana wa umri huo ni hatari gani inamngojea.

Mazoezi ya mikono yanamsaidia mtoto huyo kwa sababu tatu. Kwanza, hayaombi kitabu. Pili, mtoto asiyeelewa neno la mwalimu anaona kitu kwa macho na kukigusa. Tatu, hakuna anayeweza kushika kamba ndefu peke yake. Lazima mtoto wa mwenyeji na mtoto wa mgeni washike ncha mbili za kamba moja.

Hesabu ni mali yetu pia

Watoto wengi wanafikiri hesabu ililetwa na wazungu. Waambieni habari ya mfupa wa Ishango. Ishango iko Kivu Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua hapo mfupa mdogo wenye chale nyingi zilizopangwa katika mistari mitatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka kama 20,000. Leo umehifadhiwa Brussels. Ukihesabu chale za mstari mmoja unapata 60, mstari wa pili 60 tena, na mstari wa tatu 48. Wataalamu wanabishana bado juu ya maana yake, lakini jambo moja tunaliona: watu walioishi kando ya maji yetu zamani sana waliweka alama kwa mpango. Mtoto anayekata chale kwenye kijiti ili kuhesabu bidoni za maji anaendeleza kazi ya kale ya nchi yake.

ZOEZI LA 1: Vijiti na familia tatu (uwiano na sehemu)

Vinavyohitajika: vijiti 24 vinavyolingana, vya mabua ya mahindi au mtama, vinavyoweza kuvunjwa katikati.

Jinsi ya kufanya: Chora miduara mitatu chini. Mduara wa kwanza ni familia ya watu 3, wa pili watu 5, wa tatu watu 8. Weka mawe madogo ndani ya kila mduara kuonyesha watu. Waambie wanafunzi: "Hivi vijiti 24 ni chakula. Gawanyeni." Usiwaambie namna ya kugawanya.

Karibu kila kikundi kitaanza kwa kugawanya sawa: vijiti 8 kwa kila familia. Hapo waulize: katika kila familia, kila mtu anapata kiasi gani? Katika familia ya watu 8, kila mtu anapata kijiti 1. Katika familia ya watu 5, kila mtu anapata 1 na sehemu 3 za tano. Katika familia ya watu 3, kila mtu anapata 2 na sehemu 2 za tatu. Watoto wataanza kubishana. Waache wabishane kwa adabu.

Kisha waulize: watu wote ni wangapi? 3 + 5 + 8 = 16. Vijiti ni 24. Basi kila mtu ana kijiti kimoja na nusu. Wavunje vijiti. Familia ya kwanza itapata 4 na nusu, ya pili 7 na nusu, ya tatu 12. Wajumlishe: 4.5 + 7.5 + 12 = 24. Hakuna kilichopotea. Baada ya hapo tu ndipo mwalimu anaandika ubaoni neno la Kifaransa la uwiano na kanuni yake. Mtoto anakuwa amekwisha kuielewa, sasa anapewa jina lake.

Katika kijiji chetu, wanafunzi walifanya hesabu hiyo hiyo kwa makopo 120. Watu wa zile familia 15 walikuwa 80 kwa jumla. 120 gawanya kwa 80 ni kopo 1 na nusu kwa kila mtu. Yule mama mwenye watu 11 angepata makopo 16 na nusu badala ya 8. Jirani yake mwenye watu 3 angepata 4 na nusu. Kwa hiyo mama hakuwa mchochezi. Alikuwa ameona jambo la kweli, ila hakuwa na namna ya kulionyesha.

Lakini msichana mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, na mtoto wa miezi mitatu naye anakula kopo moja na nusu la maharagwe?" Swali zuri sana. Hesabu inaweza kutuonyesha kila njia ya kugawana inatoa nini. Haiwezi kutuchagulia njia. Kuchagua ni kazi ya watu waliokaa pamoja.

ZOEZI LA 2: Kopo, uzi na maji (duara, ujazo na asilimia)

Vinavyohitajika: makopo ya ukubwa mbalimbali, uzi, rula, maji katika beseni, na kikombe kimoja kidogo.

Sehemu ya kwanza: Kila kikundi kinazungusha uzi kwenye mdomo wa kopo na kuupima. Kisha wanapima upana wa mdomo huo kutoka upande hadi upande, wakipita katikati. Wagawanye kipimo cha kwanza kwa cha pili. Kopo lenye upana wa sentimita 10 litatoa uzi wa sentimita 31 na kidogo. Kopo kubwa, kopo dogo, mdomo wa bidoni, sahani, vyote vitatoa karibu namba ile ile: 3 na kidogo. Waandike majibu ya vikundi vyote ubaoni. Watoto hushangaa sana wanapoona hivyo. Hiyo ndiyo namba ambayo vitabu vinaiita pi, karibu 3.14. Hawataisahau, kwa sababu wameikuta wao wenyewe kwenye kopo la mama.

Sehemu ya pili: Chukua kopo zima na kopo jingine la aina ile ile lililobonyea. Kwa macho yanaonekana kama sawa. Jaza kopo zima kwa kikombe kidogo huku mkihesabu. Fanya vivyo hivyo kwa lile lililobonyea. Maji yarudishwe kwenye beseni, yasimwagwe.

Mwalimu wetu aliomba makopo yale mawili yaliyotumiwa siku ya ugawaji. Ndipo tulipojua kwamba yalikuwa mawili: mwenye kopo la kwanza aliondoka nalo kwenda sokoni, na familia 4 za mwisho zilipimiwa kwa kopo jingine. Kopo la kwanza lilichukua vikombe 20. La pili lilichukua vikombe 18. Upungufu ni vikombe 2 katika 20, yaani asilimia 10. Familia iliyopimiwa makopo 8 kwa kopo la pili ilipata kwa kweli makopo 7 na sehemu 2 za kumi. Kila familia ilipungukiwa sehemu 8 za kumi za kopo. Kwa familia 4, upungufu ni makopo 3 na sehemu 2 za kumi.

Ndugu wasomaji, kumbukeni yale maharagwe yaliyobaki kwenye mfuko: karibu makopo matatu! Hakuna aliyeyaficha. Yalibaki kwa sababu kopo la pili lilikuwa dogo. Na katika zile familia 4 za mwisho ilikuwamo familia ya ndugu yake mtu aliyeleta kopo lile. Mzee mmoja aliyekuwa amesema maneno makali sana alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Basi tulikuwa tunataka kuuana kwa ajili ya kopo lililobonyea." Wahenga walisema kwamba ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga.

ZOEZI LA 3: Bidoni, saa na kijiti cha chale (mwendo wa maji na uwiano)

Vinavyohitajika: bidoni ya lita 20, saa au simu yenye kuonyesha sekunde, kijiti na kisu kidogo kinachoshikwa na mwalimu.

Jinsi ya kufanya: Wanafunzi wanakwenda kwenye bomba wakati ambapo hakuna foleni kubwa. Wanapima bidoni moja inajaa kwa muda gani. Wapime mara tatu na kuchukua wastani. Tuseme ni dakika 2 na sekunde 40, yaani sekunde 160. Lita 20 kwa sekunde 160 ni lita 7 na nusu kwa dakika moja. Bomba likifanya kazi saa 8, yaani dakika 480, litatoa lita 3,600.

Mashirika mengi ya misaada yanafuata kanuni zinazoitwa Sphere. Kanuni hizo zinasema mtu mmoja anahitaji angalau lita 15 za maji kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Gawanya 3,600 kwa 15, utapata watu 240. Kanuni hizo hizo zinasema bomba moja linalotoa lita 7 na nusu kwa dakika lisitumiwe na watu zaidi ya 250. Wanafunzi wataona kwamba namba hiyo haikutoka hewani. Wameipata karibu sawa kwa bidoni yao.

Sasa bomba lenu likijaza bidoni kwa dakika 4, hesabu inabadilika. Ni lita 5 kwa dakika, lita 2,400 kwa saa 8, watu 160 tu. Kiongozi mwenye namba hiyo mkononi anaweza kwenda kwa shirika linalohusika na maji na kusema: "Bomba letu linatosha watu 160, na sisi tuko 400." Hiyo ina nguvu kuliko kusema, "Tunateseka na maji." Pia inawaonyesha vijana kwamba foleni ndefu haikuletwa na wageni peke yao wala na wenyeji peke yao. Maji yenyewe ni machache.

Kijiti cha chale kinatumika kuhesabu bidoni zilizojazwa asubuhi moja. Chale nne zilizosimama, ya tano inalala juu yake, na kila furushi ni tano. Mwishoni wanafunzi wanahesabu mafurushi na kuzidisha.

ZOEZI LA 4: Kamba ya mafundo (pembe mraba na eneo)

Vinavyohitajika: kamba ndefu na vigingi.

Sehemu ya kwanza: Piga mafundo kwenye kamba ili upate nafasi 12 zinazolingana, kisha unganisha ncha zake. Wanafunzi watatu wanaivuta iwe pembetatu yenye pande za nafasi 3, 4 na 5. Pembe iliyo kati ya upande wa 3 na upande wa 4 itakuwa pembe mraba kamili, kama kona ya nyumba iliyojengwa vizuri. Hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, nayo ni 5 mara 5. Waashi wetu wengi wanatumia njia hii bila kuijua kwa jina. Mwalike fundi mmoja, mwenyeji au aliyehama, aje aonyeshe darasani. Watoto wataona kwamba baba yao anajua hesabu.

Sehemu ya pili: Chukua kamba ya mita 18, unganisha ncha zake. Kila kikundi kitengeneze kiwanja cha pembe nne kwa kamba hiyo. Kikundi kimoja kitafanya mita 4 kwa 5, eneo mita za mraba 20. Kingine mita 3 kwa 6, eneo 18. Kingine mita 2 kwa 7, eneo 14. Kamba ni ile ile, lakini eneo ni tofauti.

Kanuni za Sphere zinasema kila mtu awe na angalau mita za mraba 3 na nusu za kulala na kuishi chini ya paa. Katika kiwanja cha mita 20 wanaenea watu 5. Katika kile cha mita 14 wanaenea 4. Waambie wanafunzi walale chini ndani ya kamba wajionee. Zoezi hili linafaa sana mahali ambapo watu wanasema, "Tumezungukiwa kamba sawa, unalalamika nini?" Kuzungukiwa kamba sawa si kupata kiwanja sawa.

ZOEZI LA 5: Mawe meupe na mawe meusi (namba zilizo chini ya sifuri)

Vinavyohitajika: mawe madogo, nusu yake yamepakwa makaa.

Jinsi ya kufanya: Jiwe jeupe ni franga 100 mkononi. Jiwe jeusi ni deni la franga 100. Jeupe moja na jeusi moja vikikutana vinafutana. Mama mwenye meupe 5 na meusi 3 amebaki na 2. Mama mwenye meupe 2 na meusi 3 yuko chini ya sifuri: ana deni la jiwe 1.

Sasa swali linalowashinda wengi: kwa nini kuondoa namba hasi ni sawa na kuongeza? Mchukue yule mama wa pili. Mwenye duka amwambie, "Madeni mawili nimekusamehe." Ondoa mawe meusi mawili. Amebaki na meupe 2 na jeusi 1, yaani ana 1 mkononi. Hakuna aliyempa hata franga moja, lakini amepanda kutoka moja chini ya sifuri hadi moja juu yake. Kuondolewa deni ni kuongezewa. Watoto wanalielewa mara moja, kwa sababu nyumbani wanajua deni ni nini.

Mambo ya kuangalia

Kazi hii ni nzuri, lakini inaomba uangalifu. Tunawasihi walimu na viongozi wafuate mashauri haya:

1. Msiwatume watoto kuokota makopo, vyuma au mawe porini au mahali palipokuwa na mapigano. Risasi na mabomu yasiyolipuka yanafanana na vitu vya kuchezea. Vifaa vyote vitoke nyumbani au shuleni. Mtoto akiona kitu asichokijua, asikiguse, aondoke na kumwambia mtu mzima.

2. Msichezee chakula. Darasani kuna watoto waliokuja bila kula. Tumieni vijiti na mawe badala ya maharagwe.

3. Msiandike majina ya familia wala wanakotoka. Namba ya watu inatosha. Orodha ya majina ikiangukia mikono mibaya inaweza kuhatarisha maisha.

4. Msiwatume watoto kuwachunguza wakubwa. Mwalimu azungumze kwanza na mkuu wa kijiji na komite, ili zoezi la kwenye bomba lisionekane kama upelelezi. Kama komite haitaki, fanyeni kwa mfano wa darasani tu.

5. Changanyeni vikundi: wenyeji na waliohama, wasichana na wavulana. Msichana ashike kamba na kupima, asiwe mwandishi tu. Watoto waruhusiwe kujadiliana kwa Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru au lugha yoyote wanayosikilizana, kisha waelezwe neno la Kifaransa la mtihani.

6. Makopo yenye kingo kali au kutu yasitumiwe.

Kilichofuata kijijini

Tusidanganyane. Vijiti na makopo havikumaliza kila kitu. Vijana waliopigana walipatanishwa na wazee, si na mwalimu wa hesabu. Yule mama na mwenye kopo waliombana msamaha baada ya majuma kadhaa. Lakini walipokaa kuzungumza, tayari hakukuwa na wizi wa kuzungumzia.

Katika mchango uliofuata komite ilikubaliana na watu mambo matatu. Kugawana kwa idadi ya watu, na kopo moja la nyongeza kwa nyumba yenye mzee au mgonjwa asiye na wa kumsaidia. Kutumia kopo moja tu, lililojaribiwa kwa maji mbele ya wote. Kuandika hesabu kwenye kibao kwa namba bila majina. Familia ndogo hazikufurahi zote, na mpaka sasa kuna wanaonung'unika. Lakini wananung'unikia kanuni, na kanuni inaweza kujadiliwa. Awali walikuwa wananung'unikia kabila, na hilo halina majadiliano.

Na kule darasani, mwalimu ametuambia kwamba watoto waliokuwa wakikaa nyuma kimya sasa ndio wanaogombania kushika kamba.

Maswali ya kujadili pamoja

- Katika mahali petu, ni vitu gani tunagawana, na tunatumia kipimo gani? Nani amewahi kukijaribu?
- Je, kugawana sawa kwa kila familia na kugawana sawa kwa kila mtu, kipi tunakiona ni haki? Kwa nini?
- Ni watu gani ambao hesabu peke yake inaweza kuwasahau?
- Mtoto wetu wa darasa la saba anaweza kutusaidia kupima kitu gani nyumbani juma hili?

Mzazi unayejikaza kumpeleka mtoto darasa la saba katika shida hizi, usifikiri unatupa franga zako. Muulize leo jioni amejifunza nini. Mpe kopo lako la kupimia, mpe kikombe na maji, mwambie akuonyeshe. Kama kopo lenu limebonyea, mtajua pamoja, kabla jirani hajajua.

Tunawatakia amani katika nyumba zenu na katika vijiji vinavyowapokea.